Shahidi wa Mgonjwa wa Kifafa



Twanena machache juu ya ugonjwa ambao wengi huuficha, yaani kifafa kwa watu wazima. Neno letu ni moja: ni nadra daktari kuuona ugonjwa huu kwa macho yake mwenyewe. Huutambua kwa macho ya yule aliyekuwapo mtu alipoanguka.

Mgonjwa hawezi kusimulia, kwani fahamu zilimtoka; naye afikapo hospitali, mara nyingi amekwisha kupata nafuu. Hata kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho Hans Berger wa Ujerumani alikitumia kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, chaweza kuonyesha ubongo mtulivu ilhali kifafa kipo. Basi shahidi ndiye apaswaye kujibu. Je, alipauka, akalegea, akazinduka upesi? Huenda alizirai tu. Au alikakamaa, akatetemeka, akajiuma ulimi, kisha akakaa kitambo bila kujua alipo? Hizo ni dalili za kifafa. Mtetemeko ulianzia upande gani? Ulidumu dakika ngapi?

Tena mtu mzima aangukapo hivyo kwa mara ya kwanza, hapana budi chanzo kitafutwe: jeraha la kichwa, kiharusi, uvimbe, viluwiluwi vya tegu wa nguruwe, au kuacha ghafula pombe aliyoizoea. Kila kimoja kina matibabu yake.

Hofu ndiyo iondoayo mashahidi. Jirani zetu wa Mahenge, Tanganyika, waliogopa kumgusa aliyeanguka, hata wengine wakaungua motoni watu wakitazama. Huko Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, na wengi walipata nafuu kwa vidonge vya fenobabito, dawa iliyojulikana tangu 1912. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kuguswa. Mwondoeni mgonjwa penye moto, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko kinywani. Mtetemeko ukipita dakika 5, apelekwe hospitali pasipo kukawia.

Sasa tuna ombi. Chama kimpapo mgonjwa wa namna hii nauli, twaomba kitoe nauli ya watu wawili: mgonjwa na yule aliyemwona akianguka. Mtu akianguka malishoni, mbali na barabara ya Namanga, pengine shahidi wa pekee ni mtoto aliyekuwa naye nyuma ya ng'ombe. Naye aende, wala asinyamazishwe na wakubwa mbele ya daktari.

Twawaomba wazee walifikirie jambo hili kabla ya hesabu ya mwaka ujao kupitishwa.