Makumbusho ya Vita na Dhima ya Kukumbusha

Neno makumbusho linatokana na kitenzi kumbuka, ambacho katika kauli ya kutendesha huwa kumbusha. Kwa mujibu wa Kiswahili, basi, makumbusho si nyumba ya kuhifadhia vitu vya kale tu, bali ni mahali panapomfanya mtu akumbuke. Maana hiyo inazua swali: hukumbushwa nani, na hukumbushwa habari za nani?

Mfano mmoja ni Imperial War Museum ya London. Tarehe 5 Machi 1917, vita vikiwa vingali vinapiganwa, Baraza la Vita la Uingereza lilikubali pendekezo la Sir Alfred Mond la kuanzisha makumbusho ya taifa ya vita. Baadaye neno “taifa” liliondolewa, likatiwa neno la himaya, ili India na makoloni yahusishwe. Mfalme George V aliyafungua mwaka 1920 katika Crystal Palace. Na tangu 1936 yamo katika jengo la Lambeth lililokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Badiliko hilo la neno moja lilikuwa ahadi kubwa. Afrika Mashariki nayo ilikuwa uwanja wa vita kuanzia 1914 hadi Novemba 1918, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa humo, wengi kwa maradhi. Walio wengi hawakupata kaburi lenye jina. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipoomba radhi kwa ubaguzi huo.

Palipokosekana jiwe, lugha ilishika zamu. Katikati ya Dar es Salaam, sanamu ya askari mmoja mwenye bunduki imesimama tangu 1927, si sanamu ya mpagazi. Hata hivyo, kambi ya kikosi chake, Carrier Corps, iliacha jina Kariakoo. Wasemaji walilipa neno geni irabu za Kiswahili, na mwisho wake mrefu wakaubakiza katika -koo. Nairobi nayo ina Kariokor.

Kila siku maelfu ya watu hulitamka jina hilo wakienda sokoni, na ni wachache wanaokumbushwa. Jina lisiloelezwa ni kama makumbusho yaliyofungwa mlango. Ufunguo wake umo mikononi mwa wanafunzi wa lugha.