Mombasa Si Ufuo Pekee

Msikilizaji wetu hapa Kakamega, ukipanga kuwapeleka watoto Mombasa likizo hii, tenga siku moja kwa ajili ya Mji wa Kale. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kutekwa na Waomani mwaka 1698, humwonyesha mtoto kwa macho yake historia anayoisoma darasani: kuta nene za mawe ya matumbawe na mizinga mikongwe ya chuma. Wapo watakaosema watoto wanataka kuogelea tu, na kiingilio ni gharama. Kuogelea kuna nafasi yake: asubuhi ngomeni, alasiri ufuoni. Na kutembea vichochoroni mkitazama milango ya nakshi hakulipiwi. Bahari huburudisha, mji huelimisha. Wapeni watoto vyote viwili.