Fundi, Tazama Matawi Kwanza



Mafundi wapya wa stima, wengi wenu mlikuwa shule ya msingi tarehe 7 Juni 2016, stima ilipopotea nchi nzima. Huku Eastlands, Nairobi, vinyozi waliweka mashine chini na wachomeleaji wakakaa bure. Chanzo kilikuwa tumbili mmoja. Alipanda paa la kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Ikajizima, mitambo mingine ikalemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea. Watu walicheka sana. Tumbili yule alipona, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Wenzake wengi hawaponi. Kule Diani, pwani ya Kwale, barabara na nyaya zimekatiza msitu wa mbega. Mbega akining'inia kwenye waya mmoja tu, hapati neno. Akigusa wa pili, au chuma cha nguzo, mwili wake unakuwa njia ya stima. Mama huanguka, na wakati mwingine kichanga, ambaye huzaliwa mweupe pe, hukutwa hai, angali ameng'ang'ania tumbo la maiti. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, huwalea mayatima hao na kutundika madaraja ya kamba juu ya barabara. Nawaheshimu sana. Lakini dawa hasa iko mikononi mwa fundi: kupogoa matawi yanayofikia nyaya, kuzivisha zilizo uchi, kuinua zilizoshuka. Februari 2021, twiga watatu walikufa katika hifadhi ya Soysambu, Nakuru, kwa sababu nyaya zilipita chini mno. Kimo cha twiga kinajulikana! Aliyepima nguzo zile angeweza kukiulizia.

Kwa hiyo mkitumwa Kwale, Nakuru au hapa hapa kwenye msitu wa Karura, tazameni matawi kabla ya kufunga mkanda wa kupandia, na mwulizeni mhandisi nani hupita hapo. Mkikuta mnyama amenasa, msimguse kabla laini haijazimwa. Mama akiwa amekufa, mkagueni tumboni. Kichanga mfunikeni kwa kitambaa, msimpe maziwa ya dukani, wala msimlete mtaani Umoja au Kayole kumfuga; sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza. Pigieni KWS simu hapo hapo, mkiwa bado chini ya nguzo.