Basi la Umeme Likitoka Kiwandani: Nini Kinahitajika Lifike Endarasha?

Mazungumzo kwa wananchi wa Endarasha na viunga vyake



Magari ya umeme si habari ya ng'ambo peke yake tena. Yanaunganishwa hapa nchini, na kiwanda kimojawapo kiko Thika, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Suala lililobaki ni kama gari hilo litafika Endarasha, na likifika, kama litamfaidi mwenye kulinunua au litamwacha na mkopo mkononi.

Historia ina funzo. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wahandisi walifanya kazi, na mwaka wa 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani yakitembea. Lakini mradi uliishia hapo. Pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Kutengeneza gari moja ni ufundi, bali kutengeneza elfu moja kunahitaji mtaji, vipuri vinavyofika kwa wakati, mafundi wengi, na wanunuzi wanaosubiri mlangoni.

Hata matajiri wa dunia wamelionja jambo hilo. Mwaka wa 2018 kampuni ya Tesla ya Marekani ilihangaika miezi mingi kufikisha magari 5,000 aina ya Model 3 kwa wiki, hadi ikaongeza sehemu ya kuunganishia ndani ya hema kubwa nje ya kiwanda. Ilipofaulu, tatizo likahama. Magari yalikuwa tayari, lakini malori ya kuyabeba kuyapeleka kwa wanunuzi hayakutosha. Gari lililoegeshwa uani mwa kiwanda halijamlipa mtu yeyote.

Hapa Kenya safari imekwenda hatua kwa hatua. Kampuni ya BasiGo ilianza mwaka wa 2022 na mabasi mawili ya BYD yenye viti 25, yakabeba abiria Nairobi chini ya kampuni za Citi Hoppa na East Shuttle. Baadaye mabasi yakaanza kuunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Mwaka wa 2024 ikafunguliwa sehemu maalumu ya kuunganisha mabasi ya umeme katika Kenya Vehicle Manufacturers, Thika, na lengo likatangazwa la kutoa mabasi 1,000. Kwa upande wa pikipiki, kampuni ya Roam ilifungua kiwanda Nairobi mwaka wa 2023, chenye uwezo wa kutoa pikipiki 50,000 kwa mwaka.

Kiwanda cha Thika si kigeni katika kazi hii. Kilianzishwa miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya, na malori na mabasi mengi yaliyopanda barabara za Mlima Kenya yaliunganishwa pale. Kuunganisha maana yake ni kwamba sehemu kubwa za gari huja kwa meli hadi Mombasa zikiwa vipande, kisha mafundi wa Kenya huzifunga, huunga nyaya, hupima breki na betri, na kulijaribu gari kabla halijatoka. Kwa hiyo meli ikichelewa, kiwanda husimama. Wanunuzi wakisita, kiwanda hupunguza kazi. Mwenye sacco wa Nyeri ni sehemu ya mnyororo huo, ingawa hajawahi kukanyaga Thika.

Sasa kuhusu kulileta gari lenyewe. Basi la dizeli likinunuliwa, dereva huchukua ufunguo, hujaza tangi na kuondoka. Akiishiwa njiani, kituo cha mafuta kipo Makutano, Karatina na Nyeri mjini. Basi la umeme lenye viti 25 lililoanza Nairobi lilitangazwa kuwa linaweza kwenda kilomita 250 kwa chaji moja. Kutoka Thika hadi Nyeri litafika bila shida. Kazi huanza kesho yake, likitakiwa kupanda na kushuka kutwa nzima likiwa na abiria na magunia ya viazi. Mlima hula chaji zaidi kuliko tambarare. Mteremko nao hurudisha sehemu ya chaji kwenye betri dereva anapopunguza mwendo, lakini haurudishi yote. Pasipo chaja mahali pa kulala gari, basi hilo halina kazi huku.

Gharama ya stima ina unafuu. Mwaka wa 2023 mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, iliweka bei maalumu kwa wanaochaji magari: Sh16 kwa uniti saa za matumizi makubwa, na Sh8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Kwa bei hiyo, uniti 100 zinazochajiwa usiku ni Sh800, na mchana ni Sh1,600. Anayelaza gari penye chaja hulipa nusu ya anayechaji mchana. Tena stima yenyewe ni ya nyumbani. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Maji ya Gura, Chania na Sagana huteremka hadi Tana, yakazungusha mitambo ya mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Anayelinda msitu wa Aberdare analinda pia stima hiyo.

Ununuzi nao umebadilika. Mabasi ya kwanza yaliuzwa kwa mpango wa kutenga betri na gari. Mnunuzi alilipia gari, kisha akalipa Sh20 kwa kila kilomita kwa ajili ya betri, chaji na matengenezo. Kwa kilomita 200 hiyo ni Sh4,000 kwa siku. Mwenye matatu achukue daftari lake la mafuta na gereji la mwezi uliopita, agawe kwa siku za kazi, kisha alinganishe na bei anayopewa leo. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Kabla ya kutia sahihi, sacco iulize maswali manne. Chaja itawekwa wapi, na transfoma ya hapo inaweza kuimudu? Stima ikipotea usiku kucha, nani anabeba hasara ya siku hiyo? Fundi yuko umbali gani gari likikwama? Na betri ikichoka, ni ya nani? Majibu yawe kwenye mkataba, si mdomoni mwa mwuzaji.

Wananchi pia wana nafasi yao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti barabara za kaunti, uchukuzi wa umma wa barabarani, vyuo vya ufundi vya vijijini na usambazaji wa stima katika mipango yake. Mambo hayo manne ndiyo yanayoamua kama gari la umeme litaishi Endarasha. Vikao vya maoni kuhusu bajeti vikiitishwa, anayetaka kituo cha chaji stendi, au somo la umeme wa magari chuoni, aende alitaje kwa jina na mahali, liandikwe.

Kwa vijana, anayejua nyaya, breki na kompyuta ya gari atatafutwa, kwa kuwa magari haya hayana injini ya kubadilisha oili, lakini yana umeme mkali usiochezewa na asiyefunzwa.

Thika inaweza kuongeza mabasi. Lakini basi hufika pale tu palipo na barabara, chaja, fundi na hesabu iliyokubali. Matayarisho hayo yanaanzia hapa.