Majina ya Mitaa na Haki ya Kukumbukwa



Mji unapompa mtu jina la mtaa, unatangaza kwamba mtu huyo anastahili heshima. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: ni nani anayetajwa, na ni nani aliyeachwa?

Tutazame eneo la HafenCity, mjini Hamburg, Ujerumani. Zamani lilikuwa eneo la gati na maghala ya bandari. Shughuli za makontena zilipohamia ng'ambo ya mto Elbe, kazi zikapungua. Na mwaka 1997 ulitangazwa mpango wa kujenga upya hekta 157 kwa nyumba, ofisi na viwanja. Jirani yake yako maghala ya Speicherstadt. Ili yajengwe, kuanzia mwaka 1883, watu wapatao 20,000 walihamishwa makwao, wengi wao wafanyakazi wa bandari.

Viwanja vipya vilipewa majina ya wasafiri: Marco Polo, Magellan, Vasco da Gama. Huko yanasikika kama majina ya ushujaa. Lakini sisi wa pwani hii twajua kwamba Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498, alirudi mwaka 1502 na merikebu za kivita, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwaka huohuo aliteketeza meli ya mahujaji waliotoka Makka, pamoja na mamia ya abiria.

Katika eneo hilohilo ipo gati ya Baakenhafen. Hapo, kuanzia mwaka 1904, walipanda meli askari waliokwenda Namibia, ambako Waherero na Wanama waliangamizwa.

Hata hivyo, mji huo umeonyesha pia njia iliyo bora. Palipokuwa na stesheni ya Hannover, mwaka 2017 ulifunguliwa ukumbusho wa Wayahudi, Wasinti na Waroma zaidi ya 8,000 waliosafirishwa kwenda mageto na kambi za mauti kati ya miaka 1940 na 1945. Hapo wametajwa kwa majina yao waliodhulumiwa.

Basi, viongozi wa walei, mtaa mpya unapopewa jina katika maeneo yetu, tusikae kimya. Tuwaulize wazee ni nani waliishi hapo, ni nani walijenga, na ni nani waliondolewa. Hao nao wana haki ya kutajwa.