FEDHA ZIMO KITABUNI, HAZIMO BENKI
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme nanyi juu ya makisio ya fedha ya kaunti. Twajua neno hilo "makisio" huleta usingizi, na wengi wenu mmetoka kazini sasa hivi na hamjala. Kwa hivyo tutaanza na jambo ambalo kila mtu hapa ndani analijua, ndipo tufungue karatasi.

Mnaikumbuka zahanati. Waashi, maseremala na vibarua wa tawi hili ndio waliochimba msingi wake na kuinua kuta zake mpaka kwenye linta. Kontrakta alilipa vizuri mwezi wa kwanza, akalipa nusu mwezi wa pili, kisha akaanza kusema "Jumamosi ijayo". Jumamosi saba zilipita. Watu walifukuzwa nyumba za kupanga, na mwenzetu mmoja aliuza baiskeli aliyokuja nayo kazini. Tulipomwendea kontrakta hakukimbia. Alitutolea cheti, kazi imekaguliwa na mhandisi wa kaunti na sahihi imetiwa. Alisema yeye naye yuko kwenye foleni.

Basi tukaenda ofisi ya fedha. Karani aliyetupokea alikuwa mtu wa adabu. Akafungua kitabu cha bajeti, akatuonyesha kwa kidole: zahanati imo, fungu lake limo, Bunge la Kaunti limelipitisha. Tukamwuliza, sasa mbona halipwi mtu? Akasema, "Fedha zimo kitabuni, wazee, hazimo benki."

Neno hilo ndilo lililotuleta hapa jioni hii. Lakini kwanza tuseme jambo moja ili asije mtu akatuelewa vibaya. Deni la mshahara wenu liko juu ya kontrakta. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haisemi kwamba mwajiri alipe siku atakapolipwa yeye. Aliyekuandika kazi ndiye anayekulipa, na madai hayo chama kinaendelea nayo. Hata hivyo, tukimshinda kontrakta huyu leo na kaunti ikafanya makisio ya namna ile ile mwakani, tutakuwa na kontrakta mwingine na Jumamosi saba nyingine.

Sasa sikilizeni hesabu. Ni mfano tu, tumechukua tarakimu nyepesi ili kila mtu aweze kuishika kichwani.

Kaunti yaandika kwamba itapata shilingi bilioni 10. Katika hizo, bilioni 8 zatoka serikali kuu, nazo zajulikana kwa sheria, ingawa mara nyingi huchelewa. Bilioni 2 zilizobaki kaunti itazikusanya yenyewe: kodi ya ardhi, leseni za biashara, maegesho ya magari, ushuru wa soko. Kwa upande wa matumizi, mishahara ni bilioni 3.4, kazi za maendeleo, yaani majengo na barabara na maji, ni bilioni 3, na zilizobaki ni dawa, mafuta ya magari, safari, karatasi na kadhalika. Vizuri. Mwaka ukafika mwisho, na badala ya bilioni 2 kaunti imekusanya 1. Pengo ni bilioni moja. Nani ataibeba?

Mishahara haiguswi, maana mkilipa pungufu ofisi zote hufungwa, na hospitali pia. Safari, kwa sababu tunazoweza kukisia sisi sote, nazo hazipungui sana. Pengo lote huanguka juu ya maendeleo. Zile bilioni 3 zimekuwa 2. Kati ya kila shilingi 3 zilizoandikwa kwa ajili ya kujenga, shilingi 1 haikuwako tangu siku ile kitabu kilipopigwa chapa. Lakini zabuni zilikwisha kutangazwa kwa zote 3, makontrakta wamepewa kazi za zote 3, nanyi mmechanganya saruji ya zote 3.

Mtu atauliza, je, sheria haikatazi? Yakataza. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 yasema afisa asianze zabuni mpaka aridhike kwamba fedha za kutosha zimo katika bajeti iliyopitishwa. Tazameni maneno yenyewe: zimo katika bajeti. Afisa akifungua kitabu azikuta zimo. Kwa karatasi hana kosa.

Kwa nini basi mtu mwenye akili zake aandike bilioni 2 hali ajua kwamba mwaka jana na mwaka juzi hakufikia hata moja na nusu? Si ujinga. Taarifa za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kaunti nyingi zikishindwa kufikia makisio yao, na bado makisio ya mwaka unaofuata hupanda. Sababu ni kwamba tarakimu kubwa yawafaa watu wengi. Mwakilishi wa wadi arudi kwa watu wake na jengo lililoandikwa. Gavana apata orodha ndefu ya kusoma. Na kuna sababu ya tatu, nayo yatuhusu sisi wafanyakazi hasa, kwa hivyo tuichukue polepole.

Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote. Nayo sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 yataka asilimia 30 angalau ya bajeti itengwe kwa maendeleo. Rudini kwenye mfano wetu. Bilioni 3.4 katika 10 ni asilimia 34: halali. Bilioni 3 katika 10 ni asilimia 30: halali. Lakini mapato ya kweli yalikuwa bilioni 9. Mishahara sasa ni karibu asilimia 38, na maendeleo, yale yaliyolipwa kweli, ni kama asilimia 22. Kwa hiyo ile bilioni moja ya hewa imefanya kazi mbili. Imeficha wingi wa mishahara, na imeficha uchache wa majengo. Kisha mwashi ndiye aliyeachiwa hewa hiyo mkononi.

Hapa lazima tuseme ukweli hata kama si mtamu. Katika mkutano huu wamo watu wa mjengo, na wamo ndugu zetu wa kaunti, wafagiaji, wauguzi, makarani, askari wa kaunti. Tumesikia watu wa mjengo wakisema wenzao wa kaunti wanakula fedha za zahanati. Tumewasikia wa kaunti wakijibu kwamba nao mishahara yao hucheleweshwa miezi miwili, na makato ya pensheni hayafiki yanakopelekwa. Wote wasema kweli, na twaona wanapigania shuka moja fupi usiku. Kazi ya chama si kuamua nani alale wazi. Chama kiulize aliyeandika kwamba shuka ni ndefu.

Jambo hili la majengo na mshahara wetu kukaa katika kitabu kimoja si la leo. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji. Kulikuwa na sherehe kubwa, na Duke wa Gloucester alikuja. Viongozi wa wafanyakazi, Fred Kubai na Makhan Singh wa East African Trade Union Congress, waliwaambia wafanyakazi wasishiriki. Mwezi wa Mei wakakamatwa, na mgomo mkubwa ukafuata jijini. Baadhi ya watu waliona ajabu, kugombana na sherehe. Lakini mwenye kulala katika chumba kilichopangishwa kwa hesabu ya vitanda alielewa. Vyumba vile vya Waafrika vilijengwa vidogo kwa kusudi, kwa sababu mshahara wa Mwafrika mjini ulihesabiwa kuwa wa mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Mwaka 1954 kamati ya serikali juu ya mishahara, ambayo mwenyekiti wake alikuwa F. W. Carpenter, ilisema wazi kwamba hesabu hiyo haifai na kwamba mshahara uelekee kumtosha mtu na jamaa yake. Kuta za vyumba zilikuwa tayari zimekwisha kusimama. Hesabu mbaya ya mwaka mmoja, ikishajengwa kwa mawe, hukaa miaka mingi.

Baada ya Uhuru mabaraza yalikuwa na kazi nyingi, kisha yakanyang'anywa. Tangu Januari 1970 shule za msingi, afya na barabara za mabaraza ya mashambani zilichukuliwa na serikali kuu. Yakabaki mabaraza yenye mhuri na viti. Nairobi nayo ikaondolewa madiwani wake mwaka 1983, ikawekewa tume mpaka mwaka 1992. Tunawakumbusha haya ili muone thamani ya yale yaliyokuja na Katiba ya mwaka 2010. Kaunti 47 zilianza mwaka 2013, na mwaka wa fedha 2013/14 ziligawiwa shilingi bilioni 190 kutoka serikali kuu. Kufika 2021/22 mgao huo ulikuwa bilioni 370. Zahanati, masoko, barabara za mitaa, mitaro ya maji, haya yote sasa yaamuliwa karibu na hapa, mahali ambapo mtu aweza kwenda kwa miguu. Sisi hatumo miongoni mwa wanaotaka yarudishwe Nairobi kwa mawaziri.

Lakini mwenye kwenda kwa miguu sharti ajue siku. Wengi wetu huenda mwezi wa Juni, au siku ya kuweka jiwe la msingi, tukapigiwa ngoma. Wakati huo mambo yamekwisha. Mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, karibu miezi 10 mbele, na jengo lisilotajwa humo lina shida kuingia baadaye. Kufika tarehe 28 Februari hupelekwa karatasi ya mwelekeo wa fedha, ambayo ndiyo iwekayo kiasi cha kila idara na kiasi ambacho kaunti yasema itakusanya. Hiyo ndiyo karatasi ya hewa au ya kweli. Makisio yenyewe hupelekwa kufika tarehe 30 Aprili, na hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Kwa hivyo mtu akituuliza ni siku gani zahanati yetu ilikwama, twamjibu: haikukwama wakati wa linta, ilikwama Februari ya mwaka uliotangulia.

Mkipata karatasi hiyo, msianze na picha za mbele. Tafuteni ukurasa wa mapato ya kaunti yenyewe, muweke pembeni yale yaliyokusanywa kweli miaka miwili iliyopita. Halafu nendeni kwenye orodha ya majengo ya wadi yenu. Soko lihitajilo shilingi milioni 60, likipewa milioni 6 kila mwaka, litachukua miaka 10, na saruji ya msingi itaota nyasi kabla. Mnazijua nyasi hizo. Wawakilishi hugawana hivyo ili kila wadi ipate kitu cha kuonyesha, na hatuwalaumu kabisa, maana sisi ndio tunaowauliza "umetuletea nini?" Tungeuliza "umemaliza nini?" labda wangeandika vingine. Tena angalieni kama zahanati mpya ina mshahara wa muuguzi, dawa na mlinzi katika matumizi ya kawaida. Jengo lisilo na muuguzi ni ghala la popo.

Kuna kiti pia. Sheria ile ya mwaka 2012, kifungu cha 137, yataka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti, mawaziri wake wamo, na wamo watu wengine wa idadi sawa na mawaziri hao ambao si watumishi wa kaunti. Watu hao yasema wawakilishe wataalamu, wafanyabiashara, wanawake, wenye ulemavu, wazee, watu wa dini, na mambo ya wafanyakazi. Mambo ya wafanyakazi yametajwa kwa jina. Tumeandika barua kuuliza ni nani akikaliaye kiti hicho katika kaunti hii, na alichaguliwa na chama gani. Barua imepigwa mhuri wa kupokewa. Jibu halijaja, na barua ya pili tunaipeleka wenyewe kwa mkono Jumatatu saa mbili asubuhi; mwenye nafasi na afuatane nasi.

Kwa ajili ya karatasi ya Februari, katibu wa tawi anataka kila kazi ya kaunti iliyosimama iandikwe: jina la jengo, wadi, lilifika wapi, lilisimama mwezi gani, watu wangapi wanadai na majuma mangapi. Asiyejua kuandika amweleze mwenzake. Katibu yuko ofisini Jumamosi kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi. Hesabu ya zahanati tunayo tayari, ila majina manne ya vibarua wa kuchanganya saruji hayajapatikana, kwa sababu waliandikwa "Kijana" tu katika daftari la nyapara. Anayewajua atuambie kabla hatujaondoka.

Sasa tunangoja maswali yenu.