Simu iko mukononi, lakini nani anatufundisha?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Butembo na Beni

  Tunajua wengine mumeacha pikipiki inje na munawaza versement ya jioni. Wengine mumetoka sokoni. Na wengi kati yetu tumetoka nyumbani tu, kwa sababu tuko na diploma kwenye bahasha lakini kazi hakuna. Hatutakawia.

Tuliombwa tuseme juu ya teknolojia, masomo na maisha ya kila siku. Hatukuja kama wataalamu. Tunakuja kama vijana wenye kumaliza univ na bado kuomba feza ya mega kwa wazazi. Tutasema tu yale tumepitia na yale tunafikiri.

Kuna maneno mbili tunasikia kila siku. Wazee wanasema: vijana wa leo hawasome, wanashinda kwenye simu. Vijana wanajibu: baba, dunia yote iko ndani ya simu, ninyi njo mulibaki nyuma. Sisi tunaona pande zote mbili zinasahau kitu kimoja, na tutakisema.

Tuanze na shule. Wengi kati yetu tulisoma informatike kwenye tablo nyeusi. Mwalimu alichora ekra kwa chaki, akachora klaviye, akachora na souris yenye mukia. Tulinakili yote katika kaye. Tulijua jina la kila sehemu, na kwenye mutihani tulipata pointi nzuri. Lakini mashini yenyewe, ile ya kugusa kwa vidole, hatukuiona. Hatumucheke yule mwalimu. Alifundisha kile hakuwa nacho, na mushahara wake tunajua wote ginsi ulikuwa. Lakini tuseme ukweli: mutoto anaweza kupata 80 kwa mia katika informatike na hajue kuwasha ordinatere. Hiyo ilitokea kwetu, na fasi mingi inatokea mpaka leo.

Halafu Exetat. Hapo teknolojia ilitupata kweli. Wazazi wetu walingojea matokeo kwenye redio, sikio karibu na poste, jina kwa jina. Sisi tulituma SMS yenye kodi, tukangojea. Simu inalia, na kartie yote inajua. Poda nyeupe kichwani, wamama wanaimba kwa Kinande, wamotari wanapiga pembe. SMS ilibadilisha njia ya habari, lakini furaha ilibaki ile ile, na poda ilibaki ile ile.

Pale univ, hapa Butembo ao kule Beni, tulikuta maisha ingine. Silabusi ni kopi ya kopi, ukurasa wa tatu hausomeke. Mashini moja kwa wanafunzi sita. Memwari tuliandika kwa mukono, tukapeleka kwa sekretaria pembeni ya barabara, tukalipa kwa ukurasa. Ukikuta kosa, unalipa tena. Jenereta ikizimika mbele hawajasovigade, unaanza upya. Na ile flashi ilikuwa inazunguka kutoka mashini mpaka mashini na kuokota kila virusi ya muji.

Sasa tulijifunza ginsi gani? Hapa njo tunataka mutusikilize vizuri. Hatukujifunza kwa sababu mashini ilifika. Tulijifunza kwa sababu kulikuwa mutu mumoja, dada mumoja wa sekretaria, aliyechoka kutuona tunalipa. Siku moja alisema: kaa hapa, andika mwenyewe, nitakuangalia. Ukurasa wa kwanza ulichukua saa moja. Baada ya wiki mbili tuliandika wenyewe, na tulianza kufundisha wengine. Hicho njo kile wazee na vijana wanasahau. Simu haifundishe mutu. Mutu njo anafundisha mutu, na simu inasaidia. Ule hana mutu wa kumuonyesha, hata umupe mashini ya bei kali, ataangalia video za kuchekesha mpaka mega ziishe.

Leo kuna ile akili bandia, yenye kuandika travail kwa sekunde kumi. Wadogo zetu wa univ wanaitumia, na hatutajifanya kama hatujui. Maoni yetu ni hii: uliza, lakini usikopie. Ile kitu inajibu kwa maneno mazuri hata pale inakosea, na haitakuambia kama imekosea. Kama haujui kitu chochote juu ya lile jambo, utajuaje? Ule alisoma mbele anafaidika nayo. Ule hakusoma, anapewa diploma ya kitu kingine kilichoandika.

Tuje sasa kwa maisha ya inje ya masomo, kwa sababu huko njo simu ilitufundisha kwa nguvu.

Munakumbuka tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa kule Mangina. Iliisha tarehe 25 Juni 2020. Kati ya hizo tarehe mbili, watu 3.470 waligonjwa na 2.287 walikufa, wengi wao hapa kwetu na jirani Ituri. Ni wazazi, wauguzi, watoto, majirani. Wakati huo chanjo ilikuwa iko, na zaidi ya watu elfu mia tatu waliipata. Lakini simu zetu zilikuwa zinasema nini? Sauti ya WhatsApp, mutu asiye na jina: chanjo inaua, Ebola ni biashara, wakikupeleka kule hautarudi. Ile sauti ilikimbia mbio kuliko gari ya wagonjwa.

Hatutasema watu walikuwa wajinga. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa, na wengi waliuliza swali la haki: kwa nini magari mingi hivi kwa Ebola, na kwa panga hakuna gari? Mutu mwenye kuachwa miaka mingi, hata akiletewa dawa, atanusa kwanza. Lakini wenye kueneza uongo walikalia ile maumivu yetu kama kiti. Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa vilichomwa, Katwa na hapa Butembo. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mutoto wa Kameruni, aliuawa hapa kwetu, katika kliniki za univ. Alikuja kutuponesha. Hatuwezi kusema mesaji moja njo ilimuua. Tunasema tu hivi: chuki ilihitaji hewa ya kupumua, na simu zetu ziliipa hewa.

Upande mwingine, ni simu ile ile inaokoa. Kule Beni, Mbau, Oicha, Eringeti, mama akiona watu asiowajua wanapita pembeni ya shamba la kakao, anapiga simu, na kijiji kinaondoka mbele ya usiku. Hiyo ni teknolojia, na haihitaji 4G. Inahitaji inite kidogo, rezo inayoshika, na mutu wa kupokea ambaye watamuamini.

Ni kwa sababu hiyo tunakasirika tukiona mesaji hii: "Wako karibu! Sambaza kwa grupu zote!" Karibu wapi? Leo ao mwaka jana? Nani aliona? Mesaji ya hivyo ikiingia saa nne asubui, soko linafungwa, wamama wanaacha nyanya chini, watoto wanakimbia shule na kupotezana na wazazi. Jioni tunasikia hakukuwa kitu. Na siku ile iko kweli, watu wanasema: aa, ni ile ya kila siku. Hapo njo watu wanakufa. Alerti ya uongo inaua alerti ya kweli.

Na picha za maiti. Wandugu, tuache. Ule mulifotoa ni baba ya mutu, na mutoto wake atamuona kwenye simu mbele ya kuambiwa na shangazi yake. Kama ni ushahidi, uchunge, uandike tarehe na fasi, umupe ule anayeandika ripoti. Grupu ya darasa si fasi yake.

Sasa tuseme juu ya kukata intaneti, kwa sababu wengine watadaka maneno yetu na kusema: munaona, hata vijana wanakubali WhatsApp ifungwe. Hapana. Hatukubali hata kidogo.

Munakumbuka Desemba 2018. Siku ine mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kama Beni na Butembo hawatachagua raisi pamoja na inchi. Walisema ni Ebola na usalama, tungojee Machi 2019, wakati raisi atakuwa amekwisha kuapa. Tarehe 30 Desemba, Beni walifanya nini? Hawakuwa na mashini ya kupiga kura. Walipanga mustari, wakanawa mikono, wakaandika kwa karatasi, wakahesabu mbele ya wote. Kura ile haikuhesabiwa Kinshasa. Lakini ilionyesha kama mwanainchi hangojee mashini ili ajue haki yake. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ilikatwa katika inchi nzima, na SMS pia. Ilirudi karibu tarehe 20 Januari 2019.

Zile siku, je, uongo uliisha? Uliongezeka. Ulitembea kwa miguu, ulipanda pikipiki, uliingia sokoni, na ilikuwa nguvu kusoma gazeti kwa mutandao ili kuhakikisha. Ule anakata intaneti na ule anaeneza uongo wanasaidiana kazi, hata kama hawajuane. Wote wawili wanataka mwanainchi abaki giza.

Na tusisahau kama sauti ya watu inaweza kubadilisha mambo hata kwenye hizi simu. Kodi ya RAM ilianza 2020, inakatwa kwenye inite bila kukuuliza. Watu walilalamika, wabunge waliulizana, na mwaka 2022 ilitolewa. Haikutolewa kwa huruma.

Neno lingine kwa wenye kutafuta kazi kama sisi. Kila siku linki inaingia: shirika kubwa linatafuta vijana hamsini, jaza fomu, tuma dolari tano za dosye. Wenye kutuma hizo linki wanajua ginsi njaa ya kazi inauma, na wanatafuta wale njaa inauma sana. Shikeni sheria moja: kazi ya kweli haikulipishe mbele ya kuanza. Ukiona wanaomba feza, ni wewe njo kazi yao.

Basi tunaomba nini? Kwetu wenyewe kwanza.

Moja. Mbele ya kusambaza mesaji, uliza maswali tatu: Nani aliona? Wapi? Saa ngapi, tarehe gani? Ikikosa moja, inabaki kwenye simu yako. Tukumbuke pia kama Kodi ya numérique ya Machi 2023 inaazibu hata ule anasambaza tu, si yule aliyeanzisha peke yake. Lakini tusifanye kwa woga wa gereza. Tufanye kwa ajili ya mama mwenye kuacha nyanya.

Mbili. Kila mutu mwenye kujua kutumia mashini afundishe wawili. Jumamosi, saa mbili tu. Kuandika barua ya kazi, kutengeneza tablo ya hesabu, kuchunga neno la siri. Tutaanza na mashini nne tulizo nazo na sola moja. Ni kidogo, lakini tulianza na kidogo kuliko hiyo.

Tatu. Wadada wakae mbele. Katika nyumba mingi simu ya kwanza anapewa kaka, na dada anaazima. Kwenye zile Jumamosi, viti vya kwanza ni vya wadada.

Kwa viongozi wa komine, wa muji na wa jimbo, tunaomba tatu pia. Chumba kimoja cha kusomea katika kila komine, chenye umeme, vitabu na mashini, kifunguliwe mpaka jioni. Rezo ifike kwenye vijiji vya Beni na Lubero vyenye kuwa katika hatari, kwa sababu kule simu moja inaweza kuokoa kijiji. Na intaneti isikatwe tena siku tunaihitaji zaidi.

Tunajua majibu: feza hakuna, usalama kwanza, mungojee. Tumekwisha kungojea, na tumeona. Kwa hiyo barua tutapeleka, kopi tutachunga, na kila mwezi tutarudi kuuliza. Jumamosi inayokuja, saa tatu asubui, tunaanza. Lete kaye na kalamu. Mwenye mashini alete mashini, mwenye hana alete mudogo wake.

 

Sisi, vijana wa Butembo na Beni